Jibu la Pau Mbili

Alasiri ile Mwanapili binti Mbwana alisimama nyuma ya mlango wa ukumbi, sinia la vikombe mikononi, akamzuia njia mwana wa ami yake. Sinia lilikuwa kisingizio. Mtu akitokea ghafla angeona binti apelekaye vikombe barazani na kijana arudiye kutoka kazini, wamekutana mlangoni kama wakutanavyo watu wa nyumba moja.

"Gari la mgeni limekwisha kuonekana Ramisi," alisema kwa sauti ya chini. "Umesikia, Chirau?"

"Nimesikia. Atakaribishwa. Nyumba ya Ami haijapata kumfungia mgeni mlango."

"Haji kunywa kahawa."

"Najua analolijia. Msambweni nzima yajua. Hata wagonjwa niliokuwa nikiwapa dawa dirishani leo wameniuliza kama pilau ya harusi itakuwa ya mbuzi ama ya ng'ombe."

Alilisema hilo akitabasamu, na tabasamu lake likamchoma Mwanapili kuliko tusi.

Chirau alikuwa mwana wa marehemu nduguye Mzee Mbwana. Aliletwa katika nyumba ile akiwa bado hajang'oa meno ya utoto, akalelewa, akasomeshwa chuoni na shuleni, na sasa alikuwa mgawa dawa wa hospitali. Yeye na Mwanapili walipendana kitambo, kwa macho zaidi kuliko kwa maneno. Kila binti alipomwambia, "Nenda kwa Baba ukaseme," kijana alimjibu, "Bado." Alichelea kuambiwa: nimekulea kwa mikono yangu, nawe shukrani yako ni kunitamania binti. Hofu hiyo ilikuwa na haya ndani yake, na haya ni pambo la muungwana. Lakini haya ikipita kiasi hugeuka kiburi, na mwenyewe asijitambue.

"Nisikilize," alisema Mwanapili. "Bwana Sefu amehamishwa. Anakwenda Lamu, naye hataki kuondoka pasipo jibu. Baba atatoa neno leo hii, kabla ya Magharibi. Sema naye. Sema chochote."

"Niseme nini, ilhali wewe umekwisha kusema? Ijumaa Shangazi alikuuliza, 'Huyu Sefu wa forodha wamwonaje?' Nami nilikuwa nje ya dirisha, natia maji birikani nitawadhe. Nikakusikia kwa masikio yangu mawili: 'Nimeridhika.' Tena ukacheka."

"Nilijua kuwa uko dirishani!"

"Ndiyo ukacheka?"

"Ndiyo nikasema! Nilitaka ulitupe hilo birika. Nilitaka uingie ndani na udhu wako nusu, ugombe, upige kelele, Baba akusikie. Ile ilikuwa pau mbili, Chirau. Nani aliyenifunza pau mbili kama si wewe? Nani aliyeniambia kwamba neno hilo halipitwi?"

Kijana aliutazama ukuta. Akasema polepole, kama mtu apimaye dawa kwa kijiko:

"Mimi si karata, Mwanapili. Wala si punda wa kuchomwa kijiti nyuma ndipo aende."

Binti akafumbua kinywa amjibu, lakini viatu vya mbao vya Shangazi Mwanarusi vilikuwa vinalia ukumbini.

"Ebo! Mlango huu umekuwa soko?" alisema shangazi. "Chirau, baba, nenda kaoge. Wanuka dawa ya vidonda. Mgeni atadhani tumemwita kuja kufungwa bendeji. Na wewe, mwanangu, vikombe hivyo havina miguu ya kujipeleka."

Chirau akapita. Bega lake lilikaribia kuligusa sinia, lisiliguse.

Huenda msomaji akastaajabu binti wa Kiislamu wa Msambweni, katika mwaka wa hamsini na tano, kuijua karata. Mzee Mbwana alikuwa mudiri wa serikali kwa miaka mingi, na katika kukaa kwake na maafisa kule Kwale alijifunza mchezo wa briji, ukamwingia kama kahawa imwingiavyo mnywaji. Alipostaafu, hakuwa na wa kucheza naye. Kamari aliiharamisha kabisa barazani pake. Hata senti hapana. Basi akawafunza watu wa nyumbani mwake: dada yake Mwanarusi, ambaye alikataa kujua tofauti ya shupaza na jembe la shambani, mwana wa nduguye, na bintiye, aliyewapita wote. Wawili huketi wakielekeana wakawa wenzi, na wawili wengine hivyo hivyo. Kwanza hunadi: kila mtu kwa zamu yake hutaja namna ya karata anazozitaka ziwe turufu, na mizunguko anayoahidi kuipata, asiye na neno husema, "Napita." Mnada ukitulia, ndipo karata huchezwa. Hakuna ruhusa ya kumwambia mwenzio kilichomo mkononi mwako ila kwa maneno hayo machache ya mnadani.

Chirau aliitwa mara kwa mara kule Galu, katika nyumba ya Wazungu waliopungukiwa na mtu wa nne, na kutoka huko alileta jambo jipya. Mwenzio akifungua mnada kwa kusema, "Moja, bila turufu," nawe ukamjibu, "Pau mbili," hukusema kwamba una pau. Pengine huna hata moja ya maana. Unamuuliza: je, una kopa nne? Una shupaza nne? Naye, awe na nguvu ama awe dhaifu, hana ruhusa ya kupita. Akiwa nazo atazitaja, akiwa hanazo atasema hana. Akinyamaza, anakuacha peke yako na neno usilolikusudia.

Mzee Mbwana, aliyesoma balagha mbele ya masheikh, alilifurahia jambo hilo kuliko wote. "Hii ni tauria!" alisema. "Neno lenye maana ya karibu na maana ya mbali, na mwenye kulisema anakusudia ya mbali." Akalitungia ubeti papo hapo:

*Neno lina nguo mbili, moja nje nyengine ndani,*
*Asikiaye kamili, huiona ya moyoni.*

Na tangu siku hiyo Mwanapili na Chirau walikuwa na lugha yao wenyewe mezani, mbele ya baba na shangazi. Pau mbili. Kopa mbili. Kila lilipojibiwa, binti aliinamisha uso aufiche.

Bwana Sefu bin Mwero alishuka garini na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito. Alikuwa mtu wa makamo, mjane wa mke aliyefariki kwa uzazi, ofisa wa forodha Shimoni. Sauti yake ilikuwa ya chini na macho yake hayakupepesa.

"Shikamoo, Bwana Mudiri."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa kitako. Habari za Shimoni?"

"Njema, alhamdulillahi. Bibi Mwanarusi, shikamoo."

"Marahaba, baba," alijibu shangazi kutoka mkekani kwake penye kona ya baraza. "Umekonda. Forodha hawapiki?"

"Wanapika, Bibi, ila wanakula wao."

Shangazi akacheka mpaka akajifunika kwa ukaya. Mzee Mbwana alikuwa amekwisha kuitandaza meza.

"Bwana Sefu, mimi sina mizunguko. Sharia imempa mposaji haki ya kumwona amposaye. Wengine huoneshwa binti akipita na sinia, macho chini, kama kuku wa kuuzwa. Wangu utamwona akicheza briji, shangazi yake yupo na baba yake yupo. Tabia ya mtu haifichiki mezani. Nawe nitakuona pia!"

"Nimeridhia kuonekana."

"Basi wewe ni mwenzi wangu. Chirau ni mwenzi wa Mwanapili. Mwanapili! Njoo uketi."

Akaja, buibui limemfunika vizuri, akaketi mkabala na Chirau. Kushoto kwa Chirau akaketi mgeni, na kushoto kwa Mwanapili akaketi babaye. Walicheza mizunguko ya kwanza kwa adabu. Sefu alicheza kwa hesabu, pasipo haraka, na aliposhindwa alimsifu aliyemshinda. Hata Mwanapili hakuweza kumchukia, na hilo lilimtia hofu zaidi, kwa kuwa baba yake huukunjua uso wake kwa watu wachache, na leo uso ulikuwa umekunjuka.

Chirau hakumwangalia hata mara moja.

Ndipo Mzee Mbwana akagawa karata upya. Kila mtu akazipanga zake. Mzee, kwa kuwa ndiye mgawaji, akapita kwanza, na zamu ikamfikia Chirau. Akavuta pumzi.

"Moja, bila turufu."

"Napita," alisema Sefu.

Mwanapili alizitazama karata zake. Alikuwa na kopa tano, na bibi miongoni mwazo. Pau zake zilikuwa mbili tu, ndogo ndogo, zisizofaa hata kumtishia mtoto. Kanuni yenyewe ilimtaka aulize. Lakini moyo ulimpiga si kwa sababu ya kanuni. Aliona kwamba Mwenyezi Mungu amemfungulia mlango mwembamba, mbele ya baba yake na mbele ya mgeni. Leo asingeuliza habari za karata. Akainua macho, akayashika macho ya Chirau, akayazuia yasikimbie.

"Pau mbili," alisema.

Sauti yake ilitoka na mtetemo. Shangazi Mwanarusi, asiyejua karata, akaacha kusuka ukili.

Mzee Mbwana akasema, "Napita."

"Niwie radhi, Bwana Mudiri," alisema Sefu taratibu. "Hizi ni pau za kweli, ama ni ile mitindo mipya? Nisije nikaelewa sivyo."

"Swali la haki! Na kanuni ni kwamba mwenziwe ndiye aeleze, si yeye. Chirau, mfahamishe mgeni."

Chirau aliziweka karata zake kifudifudi mezani.

"Si za kweli," alisema. "Hana haja na pau. Ananiuliza mimi."

"Anakuuliza nini?"

"Kama ninazo kopa."

Sefu akamtazama Chirau, kisha akamtazama Mwanapili, aliyekuwa bado hajayaondoa macho yake pale alipoyaweka. Mtu wa forodha huzoea kutazama nyuso za watu wasemao kwamba hawana mzigo. Akafahamu.

"Na kisha kukuuliza," alisema, "unayo ruhusa ya kunyamaza?"

Chirau aliziokota karata zake, akazifungua mkononi. Kati ya kopa zake alikuwa na ree, iliyo kubwa kuliko zote. Alikuwa na mfalme. Akazihesabu kwa kidole gumba. Alisikia tena kicheko cha Ijumaa kikipita dirishani. Aliona kwamba wote watatu wanamngoja, na kwamba binti huyu amemtega mara ya pili, safari hii hadharani. Kwamba akijibu sasa, maisha yake yote itasemwa kuwa alisemeshwa. Ndani yake upendo na kiburi viligombania ulimi mmoja.

"Sina ruhusa," alisema.

"Basi mjibu."

Chirau akamtazama Mwanapili, safari hii kwa kukusudia. Akamtazama vizuri, apate kuona vile neno litakavyoingia.

"Napita," alisema.

Mwanapili hakulia. Rangi ilimtoka midomoni, lakini hakulia.

"Umepita?" Mzee Mbwana alisahau mgeni. "Chirau, umepita juu ya pau mbili? Umerogwa?"

"Nimepita, Ami. Aliyesema pau na apewe pau."

"Nami napita," alisema Sefu, kwa sauti ya mtu asomaye hukumu asiyoiandika yeye.

Mnada ukafa hapo. Ikawa Mwanapili ndiye mwenye mchezo. Pau ndizo turufu, naye hana pau za maana. Katika mchezo huu, mwenye mnada akipatikana, mwenziwe huzilaza karata zake zote wazi mezani, akawa hana tena shauri; nyumbani pale walimwita bubu. Mzee Mbwana alirusha karata ya kwanza, na Chirau akazilaza zake, fungu baada ya fungu. La mwisho lilikuwa la kopa. Ree. Mfalme. Na ndogo mbili chini yao.

"La haula!" alisema Mzee Mbwana. "Kopa nne! Ree na mfalme! Nawe ukanyamaza?"

Mwanapili aliziangalia kopa zile zilizolala mbele ya kila mtu. Kama asingekuwa nazo, angeweza kumsamehe. Asiye nacho hakulazimika kutoa. Huyu alikuwa nacho, akakishika kifuani, akamtazama usoni, akamnyima.

"Shangazi," alisema pasipo kugeuka, "hebu nipe maji."

Shangazi akamletea, akamnong'oneza, "Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, Shangazi. Twacheza."

Akanywa, akakiweka kikombe, akaanza kucheza. Mwenye mchezo humwamuru bubu karata ya kutoa, na bubu hutii. Mwanapili aliamuru kwa adabu isiyokuwa na joto wala baridi.

"Uru ndogo, tafadhali."

Chirau akaitoa.

"Ree ya kopa."

Akaitoa. Sefu akatupa kopa yake ndogo, aliyokuwa nayo moja tu, na ree ikashinda.

"Mfalme wa kopa."

Mkono wa Chirau ulisita juu yake. "Mwanapili," alisema chini ya pumzi, "ukimtoa huyo atakatwa..."

"Bubu hasemi!" Mzee Mbwana aligonga meza. "Ulipotakiwa kusema hukusema, sasa si zamu yako. Mtoe!"

Chirau akamtoa. Sefu, aliyekwisha kuishiwa na kopa, akamkata mfalme kwa kijipau kidogo kabisa, akakivuta kifungu upande wake, na wala hakufurahi. Mzunguko baada ya mzunguko, baba na mgeni wakavuna pau zao. Mwanapili alifuata kila karata kwa utulivu, hakuomba nafuu, hakuharakisha. Chirau alikaa na mikono mitupu. Kila alipoamriwa alitoa, na kila alichotoa kilichukuliwa. Kufika katikati ya mchezo midomo yake ilikuwa imekauka. Jeuri ilikuwa imemshuka kama homa ishukavyo, ikamwacha na jasho. Alimwangalia binti kwa macho yanayoomba. Binti aliangalia karata.

Karata zilipokwisha, Mzee Mbwana alitikisa kichwa.

"Wana wangu, mkono huu mlikuwa na mchezo mzima wa kopa. Mzima! Ungeitaja kopa, Chirau, tusingewaweza."

"Ndivyo, Ami."

"Kwa nini basi?"

"Nilikosa, Ami."

"Hakukosa, Baba," alisema Mwanapili. "Alizihesabu kwanza. Nilimwona."

Sefu akakohoa kidogo. Akaivua kofia yake, akaiweka magotini, akaivaa tena. Jambo ambalo mtu mtulivu halifanyi ila akiwa na uzito.

"Bwana Mudiri, wewe wajua nililolijia, na nilikuwa niliombe jibu. Lakini mimi nimeoa na nimezika, wala sina umri wa kucheza na moyo wa mtu. Kabla sijaomba, niruhusu nimuulize huyu ndugu yangu swali moja."

"Muulize."

"Ndugu yangu Chirau. Mimi ni mgeni, wewe ni mwenyeji. Una neno lolote juu ya jambo hili? Ukiwa nalo, liseme. Naapa sitaudhika. Nitakunywa kahawa yangu, nitawasha gari, nitakwenda zangu Lamu nikikuombeeni heri."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, na aliyeufungua alikuwa hasimu wake mwenyewe. Lau Sefu angemtukana, Chirau angesema. Lau angemcheka, angempiga. Lakini Sefu alimhurumia, na huruma ya hasimu ni chakula kisichomezeka. Kijana aliona kwamba akisema sasa, atakuwa amepewa mke sadaka, na mtu wa forodha, kama apewavyo maskini sahani ya pilau mlangoni.

"Sina neno," alisema.

"Hakika?"

"Nimekwambia sina. Wataka nikuandikie?"

"Adabu, Chirau!" alisema Mzee Mbwana. Akamgeukia bintiye, na sauti yake ikalainika. "Mwanangu. Bwana Sefu bin Mwero amekuposa, na mimi sioni kwake kasoro ya dini wala ya tabia. Lakini sitakuoza kwa nguvu. Wasemaje?"

Mwanapili hakujibu. Alikuwa akiitazama sura ya Chirau, iliyokuwa imeinama.

"Mwacheni," alidakia shangazi kutoka mkekani, machozi ya furaha yamekwisha kumlenga. "Mnamtahayarisha bure. Mwanamwali hasemi. Kimya chake ndiyo idhini yake, ndivyo tulivyofunzwa. Amenyamaza, basi ameridhia."

"La, Shangazi," alisema Mwanapili. "Usikichukue kimya changu. Nimechoka na watu wanaonyamaza."

Akasimama. Akaziweka ncha za vidole juu ya meza.

"Baba, nasema kwa ulimi wangu, na sina maana nyingine nyuma ya maneno haya. Nimemridhia Bwana Sefu bin Mwero. Nitafuatana naye Lamu."

Chirau akainua kichwa kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Nina sharti moja," akaendelea binti. "Siku ya nikaha watatakiwa mashahidi. Nataka mmoja awe Chirau. Na nataka leo, hapa, ashuhudie kwamba amenisikia nikiridhia."

"Ni sharti jema," alisema Mzee Mbwana, aliyefurahi hata hakuona kitu. "Nani awe shahidi kama si nduguyo? Chirau, umesikia?"

"Ami... tafuta mwingine. Nakuomba."

"Kwa udhuru gani?"

Chirau alimtazama ami yake aliyemlea. Udhuru alikuwa nao mmoja tu, na wakati wake ulikuwa umepita mbele ya macho yake, mara mbili, umevaa nguo ya heshima. Shahidi mwenye kumpenda bibi arusi! Angelisemaje sasa?

"Sina udhuru," alisema.

"Basi shuhudia. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?" aliuliza Mwanapili. Sauti yake ilikuwa laini sana, kama ya mtu amtulizaye mgonjwa huku kisu kiko ndani. "Shahidi hasemi nusu. Au nakosea, Baba?"

"Hukosei. Hasemi nusu. Sema lote, Chirau."

Kijana alilowesha midomo. Neno la kwanza halikutoka. La pili lilitoka limevunjika. Mzee Mbwana akamtaka arudie, kwa kuwa shangazi hakusikia vizuri kule mkekani. Naye akarudia, kila neno mahali pake:

"Nimemsikia Mwanapili binti Mbwana akisema, kwa hiari yake, kwamba amemridhia Bwana Sefu bin Mwero."

"Allahu yashhad. Mungu ni shahidi," alisema Mzee Mbwana.

Kigelegele cha Shangazi Mwanarusi kilipanda mpaka nyumba za jirani, na kutoka nyumba za jirani kikajibiwa. Sefu mwenyewe hakutabasamu. Alimtazama mchumba wake, aliyesimama mnyoofu mezani, na ikamjia kwamba amepewa alichokiomba, na kwamba kilipotolewa kwake kilikuwa kimeelekezwa kwa mtu mwengine. Akazitazama karata zake zilizoshinda, akazisukuma mbali.

"Alhamdulillahi!" Mzee Mbwana alisugua viganja. "Magharibi bado. Tupige mkono mmoja wa furaha. Chirau, zamu yako kugawa."

"Amgawie nani?" alisema shangazi, akijinyanyua mkekani. "Wewe kaka nawe! Mposwa haketi tena na wanaume. Atoke, akaingie ndani na wenziwe. Inuka, mama yangu, twende."

Mzee Mbwana aliacha kusugua viganja. Jambo hilo hakulifikiria. Aliitazama nafasi ya bintiye, mchezaji bora kuliko wote aliowafunza, kama mtu aliyetoa kitu pasipo kukipima.

"Ni kweli," alisema. "Ni kweli. Nenda, mwanangu."

Mwanapili akaweka sawa buibui lake. Akampa babaye mkono, akaubusu wa babaye. Akamwinamia Sefu kichwa kwa heshima. Alipofika kwa Chirau akasimama, muda wa kutosha kwa mtu kusema neno moja, na Chirau akalitafuta neno hilo kwa macho yake yote. Kisha binti akamfuata shangazi yake, na pazia la mlango likaanguka nyuma yao.

Chirau alikuwa amekwisha kuanza kugawa. Aliweka karata mbele ya ami yake, mbele ya mgeni, mbele yake mwenyewe, na mbele ya kiti kitupu; akazunguka tena, akaweka tena, fungu la nne likikua pole pole juu ya meza. Wale wawili walimtazama. Hakuna aliyemkataza.